Peugeot ya Mshangano na kosa la uzee

Ukitoka Songea mjini kwa barabara ya Njombe utapita Mshangano, na huko, nyuma ya nyumba moja chini ya mwembe, imelala Peugeot 404 isiyo na magurudumu. Kuku hutagia kwenye kiti cha nyuma. Mimi naijua gari hiyo tangu mwaka 1971, iliponichukua pamoja na sanduku langu la bati kwenda shule ya bweni, barabara ikiwa bado ya udongo na dereva akituamuru kushuka kusukuma kila tulipofika penye utelezi. Dereva yule ndiye mzee mwenye nyumba hiyo leo.

Wenye umri wangu mtanielewa. Peugeot 404 ilitoka Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa kazi ya Pininfarina wa Italia, na gea yake ilikuwa kwenye usukani. Sisi tuliifahamu zaidi kwa mbio za Safari, zile zilizoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968, magari saba tu yalimaliza mbio hizo, matope yakiwa yamemeza mengine yote, na mara zote mbili aliyeshinda ni Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff ndani ya 404. Katikati hapo, mwaka 1966 na 1967, ushindi ulikuwa wa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell; gari ni hilo hilo. Songea tulizifuata mbio hizo redioni. Mtoto akisikia 404 imeshinda, alitoka nje kuitazama ya mtaani kwao kana kwamba yenyewe ndiyo iliyoshinda.

Kwa nini basi magari hayo yametoweka? Wengi husema yalichakaa. La hasha, hayakuchakaa yenyewe. Vipuri vingi vilipitia Nairobi, na Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa, usifunguliwe mpaka mwaka 1983. Ikaja vita ya Kagera mwaka 1978, ikaja bei ya mafuta, na fedha za kigeni zikawa adimu kuliko mvua ya Septemba. Mafundi wetu wakachonga vyuma kwa tupa. Mwaka 1984 serikali ilipowaruhusu wenye fedha zao nje waingize bidhaa, mlango ulianza kufunguka, na miaka ya 1990 Toyota zilizotumika Japani zikamiminika. Nani angeendelea kuchonga? Ile ya Mshangano yenyewe ilitolewa injini yake ikatiwa ya Toyota, ikatembea miaka kadhaa zaidi.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niyaseme haya. Nilipostaafu niliingiwa na tamaa ya kuwa na 404 nzima, inayowaka. Mpwa wangu aliyeko Uingereza akanitafutia moja, yenye usukani wa kulia kama yetu, kwani za Ufaransa zenyewe zina usukani wa kushoto. Nilifurahi kama mtoto. Kisha nikaketi na karatasi kupiga hesabu ya kodi.

Tuseme gari limefika bandarini Dar es Salaam kwa dola 5,000, nauli na bima zikiwamo, nalo linaingizwa kama gari la kawaida la kutembelea. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Juu ya jumla hiyo, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa ukubwa wa injini, na asilimia 30 nyingine kwa sababu gari limepita miaka 10. Halafu asilimia 18 ya ongezeko la thamani. Jumla ya kodi ni kama dola 4,950, kabla ya ada ndogondogo. Yaani nanunua magari mawili, napata moja.

Geuza safari. Gari hilo hilo likienda Uingereza, likiwa limepita miaka 30, likiwa la aina isiyotengenezwa tena na likiwa katika hali yake ya asili, hutambuliwa kuwa kitu cha kihistoria: ushuru wa forodha sifuri, kodi asilimia 5. Dola 250! Marekani nako, likitimiza miaka 25 halidaiwi tena viwango vya usalama vya magari mapya. Kwao uzee ni cheti, kwetu ni kosa linalotozwa faini.

Simlaumu aliyeweka kodi ile. Bila hiyo tungekuwa jalala la Japani na Ulaya. Kenya yenyewe haipokei gari lililopita miaka 8. Lakini gari la miaka 12 lililochoka na gari la miaka 55 lililotunzwa si kitu kimoja, na kuyapima kwa ratili moja ni uvivu. Tangu mwaka 2003 kuna mbio za magari ya zamani zinazoitwa East African Safari Classic, ambazo miaka mingine zimevuka hadi Tanzania. Wageni huja na magari yao kwa kibali cha muda, wakala vumbi letu, wakaondoka nayo. Sisi tunabaki kupunga mikono.

Nikarudi Mshangano nikiwaza: kama siwezi kuleta, basi nifufue hii. Nikamkuta mnunuzi wa vyuma chakavu ameshafika kabla yangu, akiikadiria kwa kilo. Na hapo nikakumbuka jambo lililoniuma zaidi: hata Uingereza gari hili lingepata shida kuitwa la kihistoria, kwa kuwa moyo wake ni wa Toyota. Ile injini ya kuazima, ambayo ndiyo historia yetu yenyewe ya miaka ile ya shida, kwa sheria ya wenzetu ni dosari.

Nilimwomba mzee asiuze kwanza. Akatazama kiti cha nyuma, akaniambia hauzi mpaka kuku amalize kuatamia, yaani wiki mbili hivi.