Usuluhishi, Uamuzi na Mpaka wa Ruvuma

Pale Naliendele, kilometa chache kutoka Mtwara mjini, ambapo utafiti wa korosho umefanywa kwa miaka mingi, mpaka wa Msumbiji si jambo la ramani tu. Ng'ambo ya Ruvuma hulimwa korosho zile zile na husemwa Kimakonde, lakini sheria ni nyingine: kusini ilijengwa kwa mfano wa Wareno, kaskazini kwa mfano wa Waingereza. Hata Kionga, karibu na mlango wa mto, ilitwaliwa na Wajerumani mwaka 1894, Wareno wakaichukua tena 1916, wenyeji hawakuulizwa.

Wafanyabiashara wa pande mbili wakigombana na kumteua mtu awaamue, ushindi haumfai kitu mshindi iwapo mali ya mwenzake iko ng'ambo. Mkataba wa New York wa 1958 ulikusudiwa kuondoa shida hiyo. Nchi yetu iliingia mwaka 1964, kwa sharti la kutambua maamuzi ya nchi wanachama peke yake. Kenya iliingia 1989, Uganda 1992, na Msumbiji, iliyopata uhuru 1975, ikangoja hadi 1998. Kwa miaka 23, basi, mkataba huo haukuvuka Ruvuma. Nasi wenyewe tuliendelea na sheria ya 1931, iliyobeba makubaliano ya Geneva ya 1923 na 1927, mpaka ilipofutwa na sheria ya 2020.

Mkataba huo unadai pia tafsiri: uamuzi ulioandikwa kwa lugha ya kigeni utafsiriwe kwa lugha rasmi ya nchi unakopelekwa, na tafsiri ithibitishwe na mtafsiri rasmi au aliyeapa, au na mwakilishi wa kibalozi. Tangu sheria ya 2021 ilipokifanya Kiswahili lugha ya sheria na mahakama, dai hilo linatugusa sisi moja kwa moja.

Hapa ndipo penye utata. Sheria ya 2020 huitwa Sheria ya Usuluhishi. Lakini katika migogoro ya kazi tunayo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambamo usuluhishi ni kuwapatanisha wagomvi na uamuzi ni kukata shauri. Neno moja, kazi mbili! Suluhu ni mapatano. Asiyeridhika huweza kuondoka. Mtafsiri akiandika kwamba mdaiwa "alisuluhishwa", wakili wake atauliza mara moja: kama ni mapatano, mbona mteja wangu hakutia sahihi? Na "tuzo", inayotumika kwa hati yenyewe, wengi huielewa kuwa zawadi. Nani atakaza zawadi?

Sisi tunapendelea "uamuzi" na "mwamuzi", na usuluhishi ubaki kwa upatanishi. Wapo watakaocheka kwamba mwamuzi ni wa mpira. Lakini Wareno nao humwita hakimu huyu na refa kwa neno moja, na mahakama zao hazijapata taabu.