Kiinimacho cha sarafu

Kiinimacho cha sarafu ni tawi la mazingaombwe linalofanywa mkononi au mezani, watazamaji wakiwa karibu kiasi cha kuweza kugusa vifaa. Uteuzi huanza na sarafu yenyewe. Marekani, wengi hupendelea nusu dola, yenye kipenyo cha milimita 30.6: huonekana vizuri, na ukingo wake wenye mikato hushikwa barabara na nyama za kiganja. Zile za 1964 zina fedha asilimia 90, nazo hulia kwa upole kuliko za shaba na nikeli zilizofuata. Mlio si jambo dogo, kwa kuwa mtazamaji huhesabu sarafu kwa masikio pia. Dola ya Morgan, milimita 38.1, hupendeza macho lakini huusumbua mkono mdogo. Peni ya zamani ya Uingereza, yenye rangi ya shaba, hukaribiana sana kwa ukubwa na nusu dola, hivyo hizo mbili hutumika pamoja katika michezo ya kubadilishana mahali.

Mkeka mdogo wa kitambaa huzuia sarafu kuteleza na hurahisisha kuziokota. Sarafu zilizochongwa kwa siri zipo, ila sarafu ya kuazima kwa mtazamaji huondoa shaka zaidi.

T. Nelson Downs (1867–1938) alipata umaarufu kwa kudaka sarafu hewani na kuzidondosha ndani ya kofia, wazo ambalo mtu yeyote hulielewa bila maelezo. Kitabu cha J. B. Bobo, *Modern Coin Magic* (1952), bado husomwa na wanaoanza.