Kipimo cha Woolwich na bibi harusi wa Glandier

 Siku nyingi sijaandika, zamu za usiku zimenibana. Leo nalipa deni la Mjomba.

Wiki iliyopita kwenye simu tulimkumbuka yule dada yetu aliyefiwa na mume miezi michache tu baada ya harusi. Mnajua yaliyofuata. Wakwe wakasema amemlisha kitu, akarudi kwao na begi moja. Hakuna kilichopimwa. Mjomba akasema, "Kungekuwa na kipimo kama huko kwenu Ulaya, maneno yangekwisha siku ileile." Nilitaka kujibu, vocha ikakata. Jibu langu ni hili, Mjomba, na ni refu kidogo.

Ninakaa Plumstead, kusini mashariki mwa London, jirani kabisa na Woolwich. Zamani Woolwich ilikuwa na kiwanda kikubwa cha silaha cha serikali, kikiitwa Royal Arsenal. Vijana wa kijiweni, ndiyo, ni haohao: wafanyakazi wa kiwanda hicho ndio walioanzisha timu ya Arsenal mwaka 1886. Lakini miaka hamsini kabla ya mpira, kulikuwa na mkemia pale, James Marsh. Mwaka 1833 mzee mkulima wa hapahapa Plumstead, George Bodle, alikufa baada ya kunywa kahawa, na mjukuu wake akashitakiwa. Marsh akaitwa kupima, akaiona aseniki, ile sumu nyeupe ya panya, ambayo ukiitia kwenye chakula huwezi kuijua kwa ulimi wala kwa pua. Bahati mbaya ushahidi wake ulikuwa rangi ya njano ndani ya chupa, na siku ya kesi ilikuwa imeshaharibika. Mjukuu akaachiwa. Baadaye akakiri mwenyewe kwamba ndiye aliyeua.

Marsh iliingia moyoni. Akahangaika mpaka akapata kipimo kipya, akakitangaza mwaka 1836. Unachukua kitu unachokishuku, unakichanganya na zinki na asidi. Kama aseniki imo, inatoka gesi. Ukiiwasha gesi hiyo na kushika kigae baridi kwenye ule moto, linabaki doa jeusi linalong'aa kama kioo. Doa hilo unaweza kulipeleka mahakamani. Na kipimo hiki hunasa hata chembe ndogo mno.

Sasa tuvuke maji twende Ufaransa, ambako kipimo cha jirani yangu kiliingia kwenye nyumba ya wakwe.

Mwaka 1839 binti yatima wa ukoo mzuri, Marie Capelle, umri miaka 23, aliozwa kupitia dalali wa ndoa kwa Charles Lafarge. Huyu bwana alijieleza kuwa tajiri mwenye kiwanda cha chuma na jumba kubwa kijijini Le Glandier, mkoa wa Corrèze. Binti kufika, anakuta magofu ya nyumba ya zamani ya watawa, panya wanakimbizana, mume amezama kwenye madeni, na mama mkwe yumo ndani. Usiku ule alijifungia chumbani akamwandikia mumewe barua: niache niende zangu, ama nitakunywa aseniki. Barua hiyo ilikuja kumgharimu.

Wakasuluhishwa, maisha yakaendelea. Desemba mumewe akiwa Paris kutafuta mkopo, alitumiwa keki kutoka nyumbani, akala, akaugua. Keki ikatupwa. Mwezi Januari 1840 akarudi nyumbani mgonjwa. Marie alikuwa ameagiza aseniki dukani, akisema ni ya panya. Anna Brun, mchoraji aliyekuwa akiishi na familia ile, akasema amemwona bibi harusi akikoroga unga mweupe kwenye kinywaji cha mgonjwa. Masalio ya kikombe yakawekwa kabatini. Tarehe 14 Januari Charles akafa, na mama mkwe na watu wake wakamnyoshea kidole mkamwana.

Kesi ilisikilizwa mjini Tulle mwezi Septemba 1840. Hapa ndipo nataka Mjomba usome polepole.

Madaktari wa kwanza walitumia njia za zamani, chupa yao ikapasuka katikati ya kazi, lakini wakasema sumu ipo. Wakili wa Marie akapata maoni ya Mathieu Orfila wa Paris, bingwa mkubwa wa elimu ya sumu, kwamba upimaji ule haukuwa na maana. Wakaletwa wakemia wengine wenye kipimo cha Marsh. Wakapima tumbo la marehemu: hakuna kitu. Watu mahakamani wakashangilia. Kaburi likafukuliwa, vipande vya mwili vikapimwa, bado hakuna kitu. Ila kwenye kile kinywaji cha kabatini, aseniki ilijaa tele.

Mwishowe Orfila akaja mwenyewe. Akapima mbele ya wale wakemia waliomtangulia, akapima dawa walizotumia, akapima hata udongo wa makaburini. Akatamka: aseniki imo mwilini, na haikutoka kwenye dawa wala kwenye udongo. Wale wengine, alisema, walikitumia vibaya kifaa. Marie akahukumiwa kifungo cha maisha na kazi ngumu. Mwanasayansi Raspail, aliyeitwa na upande wa utetezi ili ampinge Orfila, alifika hukumu ikiwa imeshatolewa.

Mfalme alimfutia ile kazi ngumu, lakini jela alikaa. Aliachiliwa mwaka 1852, kifua kikuu kimeshammaliza, akafa mwaka huohuo akisema hakuua. Watu wanabishana mpaka leo.

Unaona, Mjomba? Kipimo kilekile, maiti ileile, mikono tofauti, majibu tofauti. Mimi naona Orfila alijua kazi yake. Lakini hata tukimkubali moja kwa moja, doa lile jeusi lilisema sumu imo. Halikusema ni mkono wa nani. La mkono wa nani lilibaki kwenye midomo ya watu wa nyumba ile, na kikombe chenye ushahidi kilitoka kwenye kabati la nyumba ileile iliyokuwa ikimshitaki. Na keki, ambayo ingeweza kusema mengi, ilikuwa imetupwa.

Sisemi kipimo hakina faida. Siku hizi Mkemia Mkuu wa Serikali tunaye, na mtu akifa kwa mashaka tusiogope kuripoti polisi na kuomba uchunguzi kabla ya kuzika. Vyombo na masalio vichukuliwe na mtu asiye wa upande wowote. Hiyo inamlinda marehemu, na inamlinda mjane pia.

Lakini kwa dada yetu hata kikombe hakikupimwa. Alipewa hukumu bila kesi, kwa sababu tu yeye ndiye alikuwa mgeni ndani ya nyumba. Tunapenda kusema lisemwalo lipo. Marie angalau alipata wakili na siku kadhaa za kusikilizwa. Dada yetu alipata begi.

Mjomba, ukipita kwao mwezi huu, mpelekee salamu zangu, na umwambie mimi sijawahi kuyaamini.