Nasaba ya Muhogo wa Amani

Katika milima ya Usambara ya Mashariki, juu ya Muheza, ndipo ilipo Amani, mahali ambapo Wajerumani walijenga, mnamo mwaka 1902, taasisi ya kuchunguza mimea na mazao ya nchi za joto. Na mtu apandaye leo njia ile ya msituni, akiuona ukungu wa asubuhi umetanda juu ya miti iliyoletwa kutoka pembe nyingi za dunia, huenda asitambue kwamba humo ndimo lilimoanzia jambo ambalo taathira yake imefika hadi mashamba ya Nijeria.

Muhogo ni mgeni kwetu, kwani asili yake ni Amerika ya Kusini na ni Wareno walioufikisha Afrika. Lakini ulipokwisha kuuzoea udongo wetu ulikutana na maradhi yasiyokuwako huko kwao, majani yakajikunja na kuingia mabaka ya manjano, na mizizi ikadumaa. Maradhi hayo, ambayo wakulima wetu huyaita batobato, yaliandikwa kwanza na Mjerumani Otto Warburg mwaka 1894, kwa habari zilizotoka Usambara hiyo hiyo.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia Amani iliingia mikononi mwa Waingereza, na mwaka 1928 akaja H. H. Storey, ambaye huko Afrika ya Kusini alikwisha kuthibitisha kwamba maradhi ya michirizi ya mahindi huchukuliwa na mdudu mdogo afyonzaye majani. Yeye na mwenziwe R. F. W. Nichols wakalielekea batobato, ikadhihirika kuwa virusi vyake huenezwa na inzi weupe, na pia na pingili zikatwazo katika mashina yenye ugonjwa. Hapa pana jambo linalonihuzunisha kila nilifikiripo: pingili za muhogo aghlabu haziuzwi, mtu humwomba jirani naye humpa bila ya kinyongo, na ihsani hiyo hiyo ndiyo iliyoyabeba maradhi kutoka konde hadi konde. Tena mwaka 1936 Storey akaeleza ugonjwa wa pili, michirizi ya kahawia, ambao ni wa hila zaidi, maana shina laweza kusimama limenawiri ilhali mzizi umeoza ndani, na mwenye shamba asijue mpaka siku ya kuchimba.

Dawa waliitafuta katika nasaba. Ulikuwako mti wa jamaa ya muhogo, mpira wa Ceara, ambao Wajerumani waliupanda kwa wingi kwa ajili ya utomvu wake, kisha wakauacha bei ya mpira ilipoporomoka mwaka 1913 kwa sababu ya mashamba makubwa ya Asia. Mti huo uliokosa thamani ulikuwa na ukinzani, basi chavua yake ikachanganywa na maua ya muhogo kwa mkono. Lakini wana wa kwanza walirithi ukinzani pamoja na mizizi myembamba, migumu kama kuni, isiyofaa kuliwa, ikalazimu kuwarudisha kwa muhogo mara ya pili na ya tatu, na kila mara kungoja miezi mingi mizizi ikomae ndipo ijulikane kama kazi imefaulu. Katika uzao huo wa tatu likapatikana shina lililoandikwa 46106/27, na katika miaka ya 1950 D. L. Jennings akaiendeleza kazi hiyo.

Mbegu za Amani zilipelekwa Nijeria, zikazaa huko aina iitwayo 58308, na hiyo ndiyo S. K. Hahn aliyoitumia kama mzazi huko Ibadan kuanzia mwaka 1971, zikatoka aina zilizoenea Afrika nzima. Mwaka 2016 wataalamu waliosoma jenomu ya muhogo waliona dhahiri vipande vya ule mti wa mpira ndani ya mihogo ya Afrika, na wakaifuata asili yake hadi Amani.

Na lile shina la 46106/27 halikupotea. Pwani ya Kenya wakulima huliita Kaleso. Tanzania uko muhogo uitwao Namikonga, na wachunguzi walipolinganisha vinasaba vya mihogo hiyo miwili waliona ni mmoja, uliotoka jirani hadi jirani, pingili kwa pingili, hata nambari yake ikasahaulika ukapewa majina ya nyumbani.