Wino uliowachukiza walowezi: Ugomvi wa zamani ulioizaa sheria ya data Kenya

Novemba 8 hupita nchini Kenya bila shamrashamra. Siku hiyo, mwaka 2019, Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi Sheria ya Kulinda Data, na serikali ikaisifu zaidi kwa jinsi ingewavutia wawekezaji wa teknolojia waliokuwa wakisitasita. Mwananchi ambaye jina, simu na alama zake za vidole ndizo zilizohitaji kulindwa alitajwa kwa mbali.

Si ajabu. Ukiweka pamoja nyaraka mbili, ripoti ya Sir Bertrand Glancy ya mwaka 1950 kuhusu kuandikisha watu na hukumu ya Mahakama Kuu ya Januari 30, 2020 kuhusu usajili wa kitaifa, unaona kwamba taarifa za Mkenya zimekuwa zikikusanywa kwa jina la uchumi tangu enzi za mkoloni. Sheria ya kumlinda ilikuja nyuma, tena ikichechemea.

Mkoloni alitunga sheria ya kuwaandikisha Waafrika mwaka 1915, akaanza kuitekeleza baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 alipakwa wino vidoleni na kupewa karatasi iliyotiwa ndani ya kikasha cha chuma, akakining'iniza shingoni kwa kamba. Hicho ndicho kipande. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele anayovishwa mbuzi. Karatasi hiyo ilibeba jina, kabila, alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara. Mlowezi alipotaka kuajiri alifungua, akasoma ulilipwa kiasi gani shamba la jirani, na hakuwa na sababu ya kuongeza hata senti. Ukiondoka bila mwajiri kutia sahihi ya kukuachilia, wewe ni mtoro, na polisi walikusaka kwa alama zako zilizohifadhiwa Nairobi. Kwa lugha ya leo tungeuita mfumo huo kanzidata ya wafanyakazi. Mlowezi alipata vibarua wa bei nafuu, na hayo yakaitwa maendeleo ya koloni.

Harry Thuku, mpokea simu wa Hazina aliyegeuka mwanasiasa, alikamatwa Machi 1922 kwa kupinga kipande, kodi na kazi ya lazima. Waliokusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe walimiminiwa risasi, na zaidi ya watu 20 wakafa, akiwemo Muthoni Nyanjiru. Kipande kikabaki.

Lakini kisa ambacho vitabu vya shule hukiruka ni cha mwaka 1949. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, na baada ya Waafrika kulalamika miaka nenda miaka rudi, akiwemo Eliud Mathu ndani ya Baraza la Kutunga Sheria, serikali ya kikoloni iliamua kuondoa ubaguzi huo. Sheria ya Kuandikisha Watu ya 1947 ilisema kila mtu, awe Mwafrika, Mhindi, Mwarabu au Mzungu, ataandikishwa na kutoa alama za vidole. Kwenye karatasi ilipita. Siku ya kupaka wino ilipokaribia, walowezi wakaja juu.

Wakafanya mikutano, wakaibana serikali. Alama za vidole, walisema, ni za wahalifu, na ni fedheha Mzungu mwenye heshima zake kushikwa mkono na karani na kupakwa wino mweusi. Watu waliosimamia kipande kwa takriban miaka 30, waliokifungua na kukifunga shingoni mwa wenzao kila msimu wa mavuno, waligundua siku hiyo kwamba mwili wa mtu una heshima yake! Hoja waliyoitoa ndiyo hasa hoja ya faragha ambayo mawakili wa leo huitoa mahakamani. Kasoro yake ni kwamba waliiona haki hiyo kuwa yao peke yao.

Serikali ikamwita Glancy, aliyewahi kuwa gavana wa Punjab kule India, achunguze. Pendekezo lake lilikuwa la kijanja: anayeweza kujaza fomu kwa Kiingereza, akatoa picha na sahihi, asamehewe wino. Rangi ya ngozi haikutajwa, na haikuhitaji kutajwa. Wengi wa waliobaki na vidole vyeusi ni walewale wa mwanzo.

Baada ya uhuru mfumo uliendelea. Wanawake waliingizwa katika sheria ya vitambulisho mwaka 1978. Kitambulisho cha kizazi cha pili kikaja 1995. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, ikatambua faragha, lakini miswada ya kuilinda ikazungushwa bungeni karibu muongo mzima.

Kilichoisukuma sheria ya data hatimaye ni Huduma Namba, mpango wa serikali wa kumpa kila mtu nambari moja ya utambulisho. Mwishoni mwa 2018 Bunge lilipenyeza, ndani ya sheria ya marekebisho madogomadogo, kifungu kilichoruhusu serikali kukusanya hata DNA na mahali hasa mtu anapoishi. Jukwaa la Haki za Wanubi na mashirika mengine wakaenda kortini. Wanubi wa Kibera walijua wanachokisema: kijana wao alipoomba kitambulisho aliitwa mbele ya kamati, akaulizwa makaratasi ya babu yake, ilhali babu huyo aliletwa na Mwingereza kama askari. Asiye na kitambulisho angeingiaje kwenye Huduma Namba?

Aprili 1, 2019 mahakama iliamuru usajili uwe wa hiari, bila DNA. Kesho yake Rais akauzindua Masii, Machakos, na machifu wakaingia vijijini. Majaji Pauline Nyamweya, Mumbi Ngugi na Weldon Korir walipotoa hukumu Januari 2020, walifuta DNA na ramani ya makazi, wakasema mfumo usiendelee bila kanuni kamili. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akaharamisha kadi zenyewe, kwa kuwa athari zake kwa data za watu hazikuwa zimetathminiwa. Baadaye ikaja Maisha Namba, mrithi wa Huduma Namba, nayo ikafikishwa kortini.

Sheria tunayo, na Kamishna wa Data yupo tangu Novemba 2020. Hata hivyo, ingia jengo lolote la ofisi Nairobi: bawabu anakusukumia daftari lililokunjika ncha, uandike jina, nambari ya kitambulisho na ya simu chini ya za wageni 20 waliokutangulia, zote zikisomeka.

Kampuni inayovunja sheria hiyo inaweza kutozwa faini ya hadi Sh5 milioni au asilimia 1 ya mapato yake ya mwaka, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kwa kampuni kubwa ya simu au benki, hiyo ni hela ya chai. Wabunge walioandika "kilicho kidogo" waandike "kilicho kikubwa", na waanzie hapo kabla ya kutuletea nambari nyingine.