Cinna Mshairi na Kitambulisho Chake

Kila mtaala ukiguswa nchini Kenya, kuna swali huamka nao. Mbona mtoto wa Kayole au Kisauni asome michezo ya kuigiza ya Mwingereza aliyekufa mwaka 1616? Sasa 8-4-4 inafunga virago na Gredi ya 10 inaingia, swali limeamka tena, na kama kawaida watu wamegawanyika kambi mbili. Kambi moja inasema asiyemjua Shakespeare hajasoma. Nyingine inasema huo ni ukoloni uliobaki kabatini, tupeni nje.

Mimi nilitaka kujua kwanza huyu mzee alifikaje huku. Nilidhani nitapata hadithi fupi: Mzungu alikuja na bunduki mkono mmoja na Shakespeare mkono wa pili, kwisha. Si hivyo kabisa.

Shakespeare alifika kwa Kiswahili kabla hata ya Kenya kuwa Kenya. Mwaka 1867, Unguja, mmishonari Edward Steere alichapisha kijitabu cha hadithi nne zilizotokana na michezo ya Shakespeare. Hakutafsiri michezo yenyewe. Alichukua zile hadithi fupi ambazo Charles na Mary Lamb waliwaandikia watoto wa Uingereza mwaka 1807, akaziweka katika Kiswahili. Ile ya mfanyabiashara wa Venisi aliipa jina la Kuwia na Kuwiwa. Hebu fikiria jina hilo linavyosikika Unguja ya wakati ule, mji wa biashara, pembe za ndovu, karafuu, watumwa na madeni juu ya madeni. Hapo ilikuwa bado miaka 28 Uingereza itangaze himaya yake huku kwetu, mwaka 1895. Kwa hivyo ukiniambia Shakespeare ni somo la Kiingereza, nitakuuliza: tangu lini?

Ni kweli lakini kwamba aliyetushika shingo si Shakespeare wa Steere. Ni yule wa shule za bweni. Pale Alliance, Kikuyu, chini ya Carey Francis aliyekuwa mwalimu mkuu kuanzia 1940 hadi 1962, wavulana walicheza mchezo mmoja wa Shakespeare kila mwaka, kwa Kiingereza, wavulana wengine wakivaa magauni. Ngũgĩ wa Thiong'o alisoma hapo kati ya 1955 na 1958, na ameandika kumbukumbu zake. Hebu linganisha na kalenda ya nchi. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Nje ya lango kuna vijiji vimezungushiwa mitaro na watu wanaswagwa kambini. Ndani, wavulana wanakariri maneno ya wafalme wa Kiingereza wanaopinduana. Sijui kama kuna mwalimu aliyeona kichekesho hicho. Wanafunzi wengine waliona, nina hakika.

Makerere nako, mwaka 1948, mwanafunzi mmoja kutoka Lango alicheza nafasi ya Julius Caesar. Jina lake Milton Obote. Baadaye akawa mtawala wa Uganda, akapinduliwa na wanajeshi wake mwenyewe mwaka 1971, akarudi, akapinduliwa tena 1985. Hiyo siiwekei maoni.

Kuna sehemu ya hadithi ya Alliance ambayo watu huiruka, na mimi naona ndiyo tamu. Haohao wavulana wa magauni walianza kuandika michezo yao wenyewe, kwa Kiswahili. Henry Kuria aliandika Nakupenda, Lakini..., ikachapishwa 1957. Gerishon Ngugi aliandika Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi, ikatoka 1961.  Ukizisoma leo utacheka, manake ni mambo ya mapenzi ya vijana, mahari na wazazi wakali. Lakini hapo ndipo tamthilia ya Kiswahili iliyoandikwa nchini Kenya ilipoanza kutembea, kwa vijana waliofundishwa jukwaa kwa mchezo wa kigeni na kisha wakataka kusikia sauti zao wenyewe. Sidai kwamba Shakespeare ndiye aliyewazaa. Jamii zetu zilikuwa na ngano, majigambo na ngoma za kuigiza kabla ya hiyo shule kujengwa. Nasema tu kwamba walioshika silaha ya mtu waligeuza mdomo wake.

Wakati huohuo, Dar es Salaam, kulikuwa na kiongozi wa nchi anayetafsiri usiku. Julius Nyerere alitoa Julius Caezar mwaka 1963, akiwa rais, nchi haijamaliza miaka miwili tangu uhuru. Aliirekebisha ikatoka tena 1969 kama Juliasi Kaizari, na mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi. Tazama hilo neno. Angeweza kusema wafanyabiashara, na hakuna ambaye angelalamika. Alisema mabepari, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Ajabu ni kwamba neno bepari lenyewe lilikuja pwani kutoka Kigujarati likiwa na maana ya mfanyabiashara tu, bila matusi. Kwa hiyo Mwalimu hakudanganya hata kidogo, ila kila aliyesoma alijua anapigwa kijembe gani. Samuel Mushi naye akatoa Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka uliofuata. Hawa hawakuwa watu wa kuabudu Uingereza. Walitaka kuonyesha kwamba hakuna mzigo ambao Kiswahili hakiwezi kuubeba.

Sisi Wakenya tulichukua njia nyingine. Mwaka 1968, Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Watu huutaja waraka huo kama vile uliagiza vitabu vya Wazungu vichomwe. Hapana. Hoja yao ilikuwa ya mahali: nini kikae katikati na nini kikae pembeni. Walitaka fasihi simulizi na fasihi ya Afrika ziwe katikati, kisha mtu atazame nje kutokea hapo. Mwaka 1974 walimu na wahadhiri walikutana Nairobi School, wakapendekeza shule za sekondari zifuate mpango huohuo: Afrika Mashariki kwanza, kisha Afrika nzima na watu weusi wa ng'ambo, kisha dunia nyingine.

Na hasira yao ilikuwa na sababu. Kenya National Theatre ilifunguliwa 1952, mwaka uleule wa hali ya hatari, na kwa miaka mingi baada ya uhuru Mwafrika alikuwa kama mgeni humo. Mwaka 1976 The Trial of Dedan Kimathi, ya Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo, ilipewa siku chache tu jukwaani, huku waandalizi wakisukumana na maonyesho ya kutoka ng'ambo. Mwaka uliofuata, wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ walicheza Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, serikali ikafuta kibali, na Ngũgĩ akakamatwa siku ya mwisho ya mwaka. Serikali ya Kenya huru, usisahau. Haikumfunga mtu kwa kuigiza Hamlet. Kwa hivyo mtu akisema "wasome michezo mikongwe, ndiyo fasihi bora", namwelewa anayeuliza: ubora, ama usalama?

Lakini turudi darasani. Mimi nilisoma shule moja ya kutwa huku Eastlands, nikafika kidato cha nne wakati The Caucasian Chalk Circle ya Brecht ni kitabu teule. Mwalimu wetu alifundisha kutoka kwa mwongozo. Mwongozo ulikuwa na maudhui, wahusika na mbinu, kila kimoja na nukta zake, na sisi tulikariri nukta. Mchezo wa kuigiza, na kwa mwaka mzima hatukusimama hata mara moja. Hakuna aliyetuambia kwamba Brecht alikuwa amechukua kisa hicho kutoka mchezo wa Kichina wa karne ya 14, wa Li Xingdao. Si hapo ndipo penye utamu? Mchina anaandika, Mjerumani aliyemkimbia Hitler anabeba, na mtoto wa Umoja anafanyia mtihani. Tulisoma mchezo wa karne nyingi bila kujua, tukausahau siku ya kutoka chumba cha mtihani.

Ndiyo maana ubishi wa umri wa kitabu haunisumbui sana. Ibsen tumepewa, An Enemy of the People na baadaye A Doll's House ya 1879, na wasichana niliowasikia wakibishana kuhusu Nora kwenye matatu hawakuhitaji kuambiwa Norway iko wapi. Walikuwa wanabishana kuhusu mama zao.

Juliasi Kaizari nilikipata mwenyewe, nimeshamaliza shule, kwa muuza vitabu vya mitumba wa kando ya barabara, hapo katikati ya jiji. Shilingi mia na hamsini. Nilimwita binamu yangu tukakisoma kwa sauti kwa shangazi, kila mtu na wahusika wake, tukibadilishana umati. Kile kipande cha mazishi unakijua hata kama hujakisoma. Brutus anatoa hotuba ya hoja, watu wanamshangilia. Anapanda Antony, anaanza kwa upole kwamba yeye hana neno na waungwana hawa, na baada ya dakika kumi umati uleule unatafuta mienge. Binamu aliweka kitabu chini. "Wee, si huyu ni yule wetu wa mikutano?" Akataja jina, silirudii hapa.

Baada ya mazishi kuna onyesho fupi sana. Ukichukua mwongozo, pengine utaliona limepewa mstari mmoja. Mshairi anaitwa Cinna anatembea barabarani. Umati unamsimamisha. Jina lako nani? Unakwenda wapi? Unakaa wapi? Anajibu. Kumbe kuna Cinna mwingine, mmoja wa waliomuua Kaizari. Maskini anaeleza kwamba yeye ni Cinna mshairi, siye yule. Wanajibu kwamba haidhuru, jina ni hilohilo, na wanamrarua. Shakespeare hakukitunga chote, alikitoa kwa Plutarch, na kilitokea Roma mwaka 44 kabla ya Kristo.

Shangazi alikuwa anachambua sukuma wiki. Mwaka 2008 alikuwa anaishi Nakuru. Alisimamisha mikono, akasema, "Na sisi walituuliza hivyohivyo. Kitambulisho. Walikuwa wanaangalia jina la pili."

Sikuwa nimewahi kumsikia akizungumzia siku hizo. Binamu pia, ambaye ni mtoto wake, hakuwa amewahi. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zile. Sisi tuliokuwa watoto tunaijua namba, na shuleni tuliipitia haraka haraka kwa sababu mwalimu mwenyewe alikuwa na jina la pili. Usiku ule shangazi aliongea hadi saa sita. Alituambia nani aliwaficha, na nani alikuwa kwenye kizuizi ambaye walikuwa wakinunua maziwa kwake. Tulifungua mdomo wake kwa mchezo wa mwaka 1599, wa mtu ambaye hakujua kama kuna mahali panaitwa Nakuru.

Utasema tungeweza kuandika mchezo wetu kuhusu 2008. Tuandike, na tuandike zaidi. Ila mchezo kuhusu Nakuru ukiingia darasani, kila mwanafunzi ataketi akijua upande wake, na mzazi mmoja atapiga simu. Roma haina upande Kenya. Cinna si Mkikuyu wala Mkalenjin wala Mjaluo. Mwalimu anaweza kusoma onyesho lile hadi mwisho, afunge kitabu, anyamaze, na wanafunzi wafike Nakuru kwa miguu yao wenyewe.

Kwa hivyo jibu langu ni ndiyo, wafundishwe, lakini kwa masharti yangu. La kwanza ni lugha. Naona ni aibu kwamba tamthilia kongwe zikitajwa tunafikiria somo la Kiingereza tu. Kaizari wa Kiswahili yupo tangu 1963. Somo letu la Kiswahili limetupa tamthilia nzuri kuhusu watawala, Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, Mstahiki Meya ya Timothy Arege, Kigogo ya Pauline Kea. Weka Kaizari kando ya Kifo Kisimani, umlinganishe Brutus na Gege, ndugu anayemsaliti ndugu, uone kama darasa litalala. Mwaka 2012 waigizaji wa Kenya walipeleka The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili hadi jukwaa la Globe, London. London wameuona. Kidato cha tatu Machakos hawajauona.

Sharti la pili, si kila mkongwe anafaa tu kwa kuwa mkongwe. Mabepari wa Venisi mimi singemkabidhi mwalimu mwenye mwongozo peke yake, manake Shylock, Myahudi anayechekwa na mji mzima, akisomwa ovyo anazalisha kicheko kibaya, na sisi tuna vicheko vyetu vya makabila vya kutosha. Huo uende kwa mwalimu aliye na muda. Ukikosekana muda, afadhali Gege.

Na wasimame. Hilo silijadili.

Binamu sasa anafundisha shule moja ya Embakasi, na amepewa klabu ya drama, Ijumaa saa tisa alasiri, wanafunzi kama thelathini. Ana nakala mbili za Juliasi Kaizari, yangu na nyingine aliyoazima. Amewagawa kwanza wote kuwa umati, waanze na kelele, halafu ndio achague nani ni nani. Watoto wameshaanza kuulizana nani atakubali kuwa Cinna. Nakala yangu haina kurasa sita za mwisho na ile ya kuazima lazima irudi mwezi ujao, kwa hivyo kifo cha Brutus huenda wakakitunga wenyewe.