Kutia weusi magurudumu ya injini za treni za modeli

Ni kazi ya kuondoa mng'ao wa kiwandani kwenye magurudumu ya metali, ili injini ndogo, kwa mfano ya kipimo cha HO (1:87), ifanane na halisi. Gurudumu la treni halisi hung'aa hasa linapokanyaga reli. Kwingine hujaa masizi, mafuta na vumbi la breki. Dawa nyingi za kutia weusi zina kampaundi za seleni, ambayo huungana na shaba iliyomo katika aloi ya gurudumu na kuacha utando mweusi mwembamba. Dawa hizi ni sumu, glavu ni lazima. Grisi iondolewe kwanza, la sivyo hutokea madoa. Rangi nayo hufaa, lakini kamwe isibaki kwenye uso unaokanyaga reli: injini nyingi hupokea umeme hapo.